Jiko la Mkono wa Kushoto

Mwenyekiti wa kikundi chetu alikuja kunikalia kichwani. "Mama Tabitha, sasa umepumzika. Tuandikie hata kidogo, maana hawa wasichana wanajenga majiko kwa kuangalia picha kwenye simu." Nimekubali, lakini msitarajie maneno ya kupamba. Mimi niliishia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa ya udongo, si ya kalamu.

Kustaafu kwangu hakukuwa na barua wala sherehe. Magoti yalikataa kuchuchumaa, basi. Jiko langu la mwisho nililijenga Mtinko, nyumbani kwa mkwe wangu Yohana, na kabla ya kulijenga ilinibidi nivunje lililokuwepo. Hilo lililokuwepo alilijenga binti yangu Tabitha, ambaye ni marehemu. Yote nitakayoeleza yanaelekea huko. Asiyependa habari za msiba aishie kwenye udongo na mchanga, atafaidika vilevile.

Nilianza kazi hii Iguguno, nikiwa mke kijana, na Tabitha yuko mgongoni. Tulikuwa tunapikia nje, kwenye mafiga. Mnaujua upepo wetu wa kiangazi, ukitoka mashariki hauna adabu. Moto ulikuwa unapika nusu ya sufuria na nusu ya uwanja. Kuni tulizifuata mbali, tunarudi na mzigo ambao upepo unaumaliza kabla maharage hayajaiva.

Pale kijijini alikuwepo Bi Mwajuma, mfinyanzi wa vyungu. Watu walipohamia kwenye sufuria, vyungu vyake vikakaa tu, naye akageukia kujenga majiko ya udongo uani kwa watu. Siku moja alikuwa anajenga kwa jirani yangu, nami nikaenda kutazama. Akaniona.

"Wewe uliyesimama kama nguzo, miguu inauma?"

"Haiumi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ingia kwenye udongo ukanyage."

Nikaingia. Nilikanyaga mpaka jua likawa utosini, Tabitha kalala mgongoni kana kwamba tuko safarini. Nikauliza kama sasa unatosha. Bi Mwajuma akachota kidogo, akaufinya, akautupa. "Huo ni uji. Endelea." Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Sikupewa hata chai.

Udongo wetu ni wa kichuguu, lakini kichuguu kilichokufa, kisicho na mchwa. Ukichukua chenye mchwa, utaona jiko linaliwa kutoka ndani kama mlango wa mninga bandia. Unachanganya na mchanga wa korongoni, mavi ya ng'ombe mabichi, na nyasi zilizokatwakatwa. Siku hizi tunatia pia maganda ya alizeti, kwa sababu mashine za kukamua ziko kila mahali na maganda yanatupwa. Maganda huungua ndani ya ukuta, yanaacha vitundu vidogo, na jiko linashika joto bila kuwa zito. Hilo tuligundua wenyewe.

Lakini kitu ambacho Bi Mwajuma hakukubali kikosekane ni vigae. Alikuwa na rundo la vyungu vilivyovunjika nyuma ya nyumba, anavitwanga kwenye kinu kibovu mpaka viwe chenga kama za mahindi, anachekecha, anatia kwenye udongo. Nilimwuliza kwa nini anaharibu udongo mzuri kwa takataka.

"Udongo mpya haujui moto," akasema. "Ukikutana nao mara ya kwanza unashtuka, unapasuka. Tia ndani yake ulioungua zamani. Huo umeshazoea, utamshika mwenzake."

Nimejenga miaka mingi baada ya hapo na sijaona jiko la vigae likipasuka ovyo. Nimeona ya wale wanaosema vigae ni ushamba. Msipopata vyungu vibovu, tumieni jiko kuukuu lenyewe. Ukuta wa ndani ulioungua mpaka ukawa mwekundu ndio kigae bora kuliko vyote.

Msingi uwe wa mawe. Mawe Singida hayajawahi kuadimika, kwa hiyo sitaki kusikia visingizio. Juu ya mawe unapandisha udongo kuzunguka gogo, gogo umelivika majani mabichi, unalizungusha kila mara lisigandie. Ukilichomoa, ndilo koo la moto. Chini unakata mlango wa kuni, na ndani ya mlango unaweka kibao cha udongo ambacho kuni zinalala juu yake ili hewa ipite chini. Juu unaacha meno matatu ya kushika sufuria, na kati ya sufuria na ukuta nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Kidole cha mwanamke, si cha mchimba kisima. Mlango usitazame mashariki. Baada ya hapo funika kwa magunia mabichi, ukaushe kivulini, na umkataze mwenye nyumba asiwashe. Atawasha tu. Mkataze hata hivyo.

Jiko la kwanza nililojenga peke yangu lilikuwa Mkiwa, la mama mmoja aliyekuwa anauzia chakula madereva pale njia panda. Akaniambia mgongo unamuuma, anataka jiko refu asiiname. Nikampimia kiunoni, nikajenga, likapendeza. Chai ikachemka, wali ukaiva. Ilipofika ugali wa uwele, ambao mnajua una ubishi wake, akashindwa kuukandamiza. Mikono ilikuwa juu, nguvu haishuki. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, anasonga, na madereva wanamshangilia. Bi Mwajuma aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Umemjengea mimbari! Sasa mwambie ahubiri."

Tangu siku hiyo akanifundisha kupima. Usimpime mtu kwa kamba. Panga matofali, weka sufuria tupu juu, mpe mwiko, mwambie asonge kama vile ugali umo. Wanawake huona aibu kusonga hewa, mwache acheke kwanza. Kisha ataanza kusonga kweli. Angalia bega lake, angalia mguu upi anautanguliza, angalia anazungusha upande gani. Ongeza tofali, punguza tofali, mpaka mwili wake utulie. Hapo ndipo kimo cha jiko lake. Jiko la namna hii ni la mtu mmoja, kama kiatu.

Na kwa sababu ni la mtu mmoja, tulikuwa na sheria zetu mbili. Ya kwanza, jiko halihesabiwi limekwisha mpaka fundi ale ugali wa kwanza uliopikiwa hapo. Ya pili, jiko la mtu halivunjwi na jirani wala na mume. Avunje aliyelijenga. Akiwa hayupo duniani, avunje aliyemfundisha. Bi Mwajuma alivunja majiko ya mafundi wake wawili waliomtangulia kufa, na nilimsindikiza. Alikuwa hasemi kitu njia nzima, yeye ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. Alipokufa yeye, mwalimu wake alikuwa ameshakufa siku nyingi, basi majiko yake yakaachwa yamomonyoke kwa mvua. Mengine bado yapo.

Tabitha alikulia kwenye udongo. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwenye kula nilimchapa mpaka akatumia wa kulia, hilo nilishinda. Kwenye kazi sikushinda. Alikuwa anachota kwa kushoto, anakata kwa kushoto, na akimaliza kulainisha ukuta anaburuta vidole vinne kutoka juu kwenda chini, mistari inalala upande usio wa watu wengine. Kila fundi anaacha alama yake kwenye tope la mwisho. Bi Mwajuma alikuwa anabonyeza dole gumba. Mimi naacha ukuta ulivyo. Ya Tabitha ulikuwa unaitambua ukiwa barabarani.

Tulifanya kazi pamoja mpaka alipoolewa Mtinko. Alikuwa na mkono mzuri kunizidi, hasa kwenye koo la moto. Moto wake ulikuwa hausemi, unapika tu.

Kule kwa mumewe akajijengea jiko lake mwenyewe, uani. Mimi sikuliona. Kwetu mama mkwe haingii kwenye uwanja wa mkwewe kuzungukazunguka jikoni, wala hali chakula pale. Nilikuwa nikienda kumwona tunakaa nje ya ua, kwenye jiwe lililo kando ya minyaa ya ua, yeye anatoka na mtoto na maji ya kunywa. Siku jiko lilipokwisha alinitumia salamu kwamba fundi anaitwa kula. Nilimjibu kwamba anajua siwezi. Akasema nije tu.

Nilipofika alitoka mlangoni mwa ua ameshika sahani ya ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akaja akakaa nami pale kwenye jiwe, minyaa imetuziba.

"Hapa si kwa mkweo," akasema. "Hapa ni barabarani. Kula."

"Mlango wa kuni umeuweka upande gani?"

"Upande wangu."

"Jiko la kushoto! Siku ukiumwa atalipikia nani?"

"Mama, ugali unapoa."

Nikala. Nikamwambia ni laini, asonge zaidi. Mimi ndivyo nilivyofundishwa, mtu akisifiwa mapema mkono unalegea. Lakini ule ugali ulikuwa mgumu vizuri, ungeweza kuukata kwa uzi.

Tabitha aliugua wakati wa palizi. Hospitali tulifika, wauguzi walifanya kazi yao. Hayo mengine sitayaandika.

Jiko lake nililiona kwa mara ya kwanza siku ya msiba. Msibani hakuna mkwe, kila mtu anaingia. Wanawake walikuwa wanawapikia waombolezaji, na jiko lile lilikuwa linawatesa. Kila aliyetia kuni kwa mkono wa kulia alijikuta anapitisha mkono mbele ya moto. Mmoja akaungua, akaruka, akapuliza vidole. Mtani wetu aliyekuwa anakata nyama akapaza sauti, "Tabitha wewe! Umeshakufa bado unatuchapa! Toka huko uje ukoroge mwenyewe!" Watu wakacheka, kisha wakalia, ndiyo kazi ya mtani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilikuwa natazama ukuta. Haukuwa na ufa hata mmoja. Mistari minne ilikuwa pale, chini kidogo ya meno ya sufuria, imelala upande wake.

Muda ukapita, Yohana akaoa tena. Sikumlaumu, mwanamume mwenye watoto wadogo hawezi kukaa na majivu. Mke aliyemchukua anaitwa Ester, wa upande wa Ikungi, msichana mrefu kama mlingoti wa bendera. Haukupita muda mrefu akaja baba mdogo wa Yohana, ametumwa, kwa sababu Yohana mwenyewe hawezi kunitamkia jambo kama hilo. Akakaa, akanywa uji, akazunguka sana, mwishowe akasema kule wanaomba nije nivunje jiko, mke mpya halimfai.

Nikamjibu, "Nimesikia."

Kwetu nimesikia si nimekubali. Akaaga.

Mvua zikanyesha zikakatika, watu wakavuna alizeti, wakalima tena. Sikwenda. Niliendelea kujenga kwa watu wengine, hata vijiji vya mbali, lakini kila nikipewa kazi ya upande wa Mtinko naitoa kwa mwingine. Sheria ilikuwa wazi na mimi ndiye niliyekuwa naifundisha: aliyemfundisha ndiye avunje, na aliyemfundisha nilikuwa mimi. Hakuna mwingine ambaye angethubutu kuligusa. Kwa hiyo nisipokwenda, lingebaki. Nguo zake tuliwagawia ndugu, kama desturi. Picha alikuwa hapendi kupigwa. Kitu ambacho mikono yake ilikuwa imekishika na bado kina umbo la mikono yake kilikuwa hicho kimoja.

Siku moja niko uani nachekecha mchanga, pikipiki ikasimama, akashuka Ester. Amebeba jogoo chini ya kwapa. Alikuja peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo jogoo wa nini?"

"Wako."

"Mfunge pale. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Yohana anajua nimekwenda sokoni."

Nikamwonyesha kigoda, akakaa. Akikaa magoti yanafika kidevuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Akaona naliangalia, akalifunika kwa khanga.

"Nilijaribu kulipikia mwanzoni," akasema. "Likanishinda. Nikaweka mafiga pembeni yake. Mvua ikinyesha naingia ndani na sufuria, namalizia kupika humo humo. Majirani wanapita wanasema, mke wa Yohana anapikia chini na jiko limesimama. Mama, mimi sijaja kukugombeza."

"Hujaja kunigombeza na umeleta jogoo."

Hakucheka. "Mimi nalikandika. Kila kabla ya mvua nachanganya tope nalipaka, lisimomonyoke. Kuku ndiye anayelitumia, anatagia humo ndani."

Nikaacha kuchekecha. Nikamwuliza, "Unalipaka lote?"

"Lote. Ila pale penye vidole naruka. Nazungushia tu."

Jogoo alikuwa anavuta kamba.

"Ukisema libaki, mama, litabaki," akasema. "Nitalikandika mpaka nizeeke. Lakini nataka nisikie kwa kinywa chako. Naishi pale kama mgeni anayengoja mwenyewe arudi, na mwenyewe harudi. Nikijua sina jiko, nitajua sina. Kungoja ndiko kunakonichosha."

Nawaambieni, nimejibizana na wateja wa kila aina, wengine walevi. Huyu hakuwemo katika hao. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mwingine kabisa.

"Kichuguu kilichokufa kipo karibu na kwenu?" nikamwuliza.

"Kipo."

"Chimba, anika, pondaponda. Kusanya mavi ya ng'ombe. Vigae usitafute, vipo."

Akaelewa ni vigae vipi. Akainama, akachukua chekeche lililokuwa miguuni pangu, akamalizia mchanga wangu bila kuambiwa, ndipo akaondoka.

Nilikwenda asubuhi ya siku tuliyokubaliana. Yohana alikuwa ameshajiondokea shambani mapema, hiyo ni heshima, na mlango wa ua ulikuwa wazi. Majirani walikuwa wamefika, wamesimama kwa mstari kama wanangoja dawa. Mmoja alipoanza kulia nilimwambia, "Kama umekuja kulia, lia huku unachekecha." Akachukua chekeche kweli.

Kwanza tulimtoa kuku. Alikuwa anatamia, akanidonoa mkono mara ya kwanza na ya pili. Ester akamhamishia kwenye debe na mayai yake, anamwomba radhi kama mtu. Kisha nikachukua panga langu butu, lile la kazi, nikaanzia juu kwenye meno.

Halikutaka kuvunjika. Msidhani natia chumvi. Ndani lilikuwa limeungua jekundu mpaka karibu na nje, kipande kikigonga kingine kinalia kama chungu. Chenga za vigae nilizoziona humo zilikuwa laini, zimechekechwa kama nilivyomwonyesha. Koo la moto lilikuwa limenyooka. Kibao cha kuni alikiinua kidogo kuliko mimi ninavyokiinua, na nikaona kwa nini: majivu hayakuwa yanaziba hewa. Sikuwahi kulijua hilo. Kama ungekuwa mtihani, ningempa yote.

Wengine walikuwa wanapokea vipande, wanavitwanga, wanachekecha. Kinu kilikuwa kinalia bila kupumzika. Mchana tukapima chenga na udongo, mimi nikaona rundo.

"Hazitoshi," nikasema. "Jiko la mtu mrefu hula sana."

Ester alikuwa anafuta mikono kwenye khanga. "Kipo kimoja, mama. Kiliponifikia sikukitia kinuni, nilikiweka."

Akaenda chini ya kihenge, akaleta kitu kimefungwa kwenye gunia. Akakiweka mbele yangu, akafungua. Ukuta wa mbele, mzima, una mistari minne.

"Nilidhani utataka kwenda nacho," akasema.

Nikachuchumaa, magoti yakilia. Nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye ile mistari. Vidole havikuingia, mistari ilikuwa imelala vingine. Nikaweka wa kushoto. Vikaingia vyote, mpaka ncha. Kidole chake kidogo kilikuwa kifupi kama changu.

Nyuma yangu kinu kilikuwa kimesimama.

Ningeweza kukibeba. Kingekaa chini ya kitanda changu, nami ningekufa, wajukuu wangekikuta wakaulizana hili tofali bovu la nini, wakalitupia kuku. Na hapo mbele yangu udongo mpya ulikuwa unangoja, na ungepasuka. Bi Mwajuma asingeniuliza mara mbili.

Nikainuka, nikakitia kinuni mwenyewe. Ester akaja na mchi wa pili. Nilitaka kumkatalia, nikaona ameshauinua, nikamwacha. Tukatwanga kwa zamu, wake unashuka, wangu unapanda, mpaka zikawa chenga kama nyingine zote. Nilipochanganya na udongo sikuweza tena kusema ipi ni ipi.

Kabla ya kujenga nilimpima. Nikapanga matofali, nikaweka sufuria tupu, nikampa mwiko. "Songa."

"Hakuna kitu, mama."

"Songa."

Akaona aibu, akacheka, akaanza. Mguu wa kushoto mbele, bega la kulia linashuka, anazungusha kwenda kulia. Nikaongeza tofali. Nikaongeza jingine. Mwili wake ukatulia. Ilikuwa mara ya kwanza namtazama vizuri, na nilikuwa namtazama kwa kazi, lakini nilimtazama. Alikuwa msichana aliyechoka, mwenye nguvu, na alikuwa ananiogopa.

Jiko nililijenga kwa kimo chake, mlango wa kuni upande wa mkono wake. Kibao cha kuni nilikiinua kama alivyokiinua Tabitha, na ninyi mfanye hivyo kuanzia sasa. Tope la mwisho lilipokuwa bado bichi nikamwambia Ester aweke alama.

"Mimi si fundi."

"Umetwanga, umekanyaga, umekandika kabla sijaja. Weka."

Akaburuta vidole vyake. Mistari ikalala upande wa watu wengine. Nikafunika kwa magunia, nikamkataza asiwashe mpaka nimwambie. Huyo alinisikia. Ndiye mteja pekee ninayemkumbuka aliyesikia.

Lilipokauka nilirudi kwa moto wa kwanza. Tulianza na moto mdogo wa vijiti, kisha tukaongeza. Ukuta ukatoa jasho, ukakauka. Nilipitisha mkono kuzunguka pande zote natafuta ufa, sikuupata. Nikachukua kikapu changu, nikamwambia kazi imekwisha, nikatoka nje ya ua. Chakula sikusubiri, maana pale ni kwa mkwe wangu na mila sikuifuta mimi. Gari la kunirudisha Iguguno lilikuwa bado, nikakaa kwenye jiwe kando ya minyaa.

Sikuwahi kumwambia Ester habari za jiwe hilo. Labda Yohana alimwambia, labda ni watoto. Nilisikia malapa yanakuja, akatokea mlangoni mwa ua ameshika sahani kwa mikono miwili, bakuli la mlenda juu yake, jasho linamtoka puani. Akaja akakaa chini, mavumbini, karibu na miguu yangu.

"Karibu ugali, mama."

Nikanawa. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Ulikuwa ugali wa uwele. Nyuma ya minyaa moshi ulikuwa mdogo, unapanda wima.

Ester alikuwa ananiangalia mdomo. "Ni laini?" akauliza. "Yohana aliniambia wewe ugali wa mtu huusifu hata siku moja."

Nikameza kwanza.

"Mgumu vizuri," nikamwambia. "Kula, mwanangu, unapoa."